Ushirikiano wa utafiti wa mikunde: nani anampa nani mbegu, na kwa nini

Kila inapotangazwa kwamba taasisi za utafiti za nchi mbili au tatu zimekubaliana kubadilishana mbegu za maharage, kunde au karanga, maneno hayakosi. Wapo wanaosema mbegu za wakulima zimeuzwa. Wapo wanaosema zinaletwa mbegu za maabara ambazo mkulima hataweza kuzirudia msimu ujao. Na wapo wanaofurahi kupita kiasi, wakiamini imepatikana mbegu isiyojua ukame, isiyougua na isiyodai mbolea. Kila kundi lina kipande chake cha ukweli, ila kipande hicho kimebebwa peke yake.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu. Mikunde ni ukoo wa mimea inayofunika mbegu zake ndani ya maganda: maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, adesi, njegere, soya, karanga, njugu mawe na wenzao. Ukoo huo una spishi zinazokaribia 20,000, ingawa tunazolima kwa chakula ni chache mno. Anuwai ni tofauti zilizomo ndani ya zao moja. Rangi na ukubwa wa punje huonekana kwa macho, lakini tofauti zenye thamani zaidi hazionekani: kina cha mizizi, idadi ya siku za kukomaa, uwezo wa kukataa ugonjwa fulani. Hizo hujulikana siku ya shida. Ustahimilivu nao ni uwezo wa shamba kutoa mavuno ya kueleweka hata mwaka mbaya. Shamba stahimilivu huumia pia, ila haliangamii.

Watu wengi huchukulia kwamba palipo na anuwai pana ustahimilivu. Sivyo. Nchi inaweza kuwa na maelfu ya aina za maharage kwenye majokofu ya benki ya mbegu, na wakati huohuo mashamba yake yakaangushwa na ugonjwa mmoja. Kati ya jokofu na shamba kuna umbali mrefu, na kazi ya ushirikiano wa utafiti, ukiufanya vizuri, ni kuufupisha umbali huo. Mengine yote ni hotuba.

Mtaa wenye kufuli moja

Chukulia mtaa ambao kila nyumba imefungwa kwa kufuli la aina moja, na funguo zote ni sawa. Mwizi akipata ufunguo mmoja, mtaa mzima ni wake. Ndivyo linavyokuwa zao lililojengwa juu ya vinasaba vichache.

Soya ya Amerika ya Kaskazini ni mfano ulio wazi. Watafiti waliofuatilia nasaba za aina zilizotolewa huko kwa miongo kadhaa walikuta kwamba mimea 35 tu ya mwanzo ndiyo iliyochangia zaidi ya asilimia 90 ya vinasaba vyake. Adui mkubwa wa soya huko ni minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi. Kinga ilipatikana kwenye mbegu moja yenye asili ya China, iliyosajiliwa kwa namba PI 88788. Ilifanya kazi vizuri, na kwa kuwa ilifanya kazi vizuri kila mzalishaji wa mbegu akaitumia, hadi takriban asilimia 95 ya aina zenye kinga zikawa zinaegemea chanzo hicho kimoja. Minyoo nayo haikulala. Baada ya miaka mingi ya kukutana na kinga ileile, makundi mengi ya minyoo yameizoea. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyozaa udhaifu.

Karanga ilianza ikiwa na hali mbaya zaidi. Ilizaliwa Amerika ya Kusini pale spishi mbili za mwituni zilipokutana, na kromosomu za mtoto wao zikaongezeka maradufu: ana 40, wakati jamaa zake wa mwituni wana 20. Tangu hapo amekuwa kama ametengwa na ukoo wake, kwa kuwa kuzalisha naye ni kazi ngumu. Ndiyo maana karanga zote zinazolimwa duniani, pamoja na tofauti zote za rangi na umbo, zina msingi mwembamba sana wa vinasaba.

Mwaka 1959 msafara wa wataalamu wa mimea ulikusanya Bolivia mbegu za jamaa mmoja wa mwituni, Arachis cardenasii. Ukiutazama mmea huo huoni sababu ya kuutaka, maana karanga zake hazina faida sokoni. Miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, watafiti walifanikiwa kuuvusha, yaani kuuzalisha pamoja, na karanga ya kulimwa, kisha wakatumia vizazi vingi kuurudisha uzao huo kwenye umbo la karanga ya kawaida. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo ziligawiwa kwa watafiti wengine, likiwemo shirika la kimataifa la utafiti wa mazao la ICRISAT lililoko karibu na Hyderabad, India, na kutoka huko zikaenda zilikoenda. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lilichapisha matokeo ya kuufuatilia urithi huo kwa kusoma vinasaba. Walivikuta vipande vya mmea ule wa Bolivia ndani ya aina za karanga zinazolimwa katika nchi 30, Afrika, Asia, Amerika na Oceania. Vipande hivyo huikinga karanga dhidi ya kutu na madoa ya majani, magonjwa ambayo mahali pengine hukabiliwa kwa kupiga dawa mara kadhaa kwa msimu.

Kisa hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika mada hii yote, na hapohapo ndicho kinachonipa shida. Mbegu ilitoka nchi moja, ikavushwa katika nchi ya pili, ikachujwa katika ya tatu, na faida ikawafikia wakulima wa nchi nyingine 20 na zaidi ambao hawajui habari hizo. Hakuna nchi ambayo ingeweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Lakini je, waliokuwa na mmea huo mwituni walipata nini? Swali hilo ndilo lililobadilisha sheria.

Je, mbegu zinaibwa?

Kwa muda mrefu mbegu zilihesabiwa kuwa urithi wa wanadamu wote: mtafiti alikusanya, akafunga kwenye bahasha, akaondoka. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulibadilisha hilo kwa kutambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Ilikuwa haki, ila ilileta tatizo jipya. Kama kila nchi italazimika kukubaliana na kila nchi kwa kila bahasha ya mbegu, utafiti utasimama.

Suluhisho lililopatikana ni Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, uliopitishwa chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004. Nchi wanachama ziliweka mazao 64 kwenye kapu la pamoja. Anayechukua mbegu kutoka kapu hilo hutia saini hati moja ya aina moja, na kwa kufanya hivyo anakubali kutojimilikisha mbegu hiyo kwa namna alivyoipokea. Akizalisha aina mpya na kuiuza huku akiwazuia wengine kuitumia kwa utafiti, anatakiwa kuchangia sehemu ya mapato kwenye mfuko wa kugawana faida. Fedha zilizoingia kwa njia hiyo zimekuwa ndogo kuliko zilivyotarajiwa, na wanaolalamikia jambo hilo wana haki kabisa.

Jambo la kushangaza ni kilichoachwa nje. Orodha iliyopitishwa 2001 ina maharage, kunde, dengu, adesi, mbaazi, njegere na baadhi ya wenzao, lakini soya na karanga hazimo. Mazao mawili yenye uhaba mkubwa wa anuwai shambani ndiyo yaliyobaki nje ya kapu, kwa sababu ya mivutano ya wakati ule kati ya nchi. Msafara kama ule wa 1959 leo ungehitaji makubaliano ya pekee, na ungeweza kukwama mezani kwa miaka.

Hofu ya wizi nayo haikuzuka hewani. Mwaka 1999 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki ugunduzi, juu ya maharage ya njano, aliyoyaita Enola, baada ya kununua punje zake Mexico. Kwa hati hiyo akaanza kuwadai waliokuwa wakiingiza maharage ya njano nchini Marekani. Shirika la utafiti wa kilimo la CIAT, la Colombia, lenye moja ya hazina kubwa kuliko zote za mbegu za maharage duniani, lilipinga kwa kuonyesha kwamba aina kama hiyo ilikuwemo tayari kwenye mkusanyo wake. Kesi ilichukua takriban miaka 10, hadi mahakama ya rufaa ilipoithibitisha batili hataza hiyo mwaka 2009. Miaka 10 ni mingi kwa mtu anayeishi kwa kuuza maharage. Lakini ebu tuangalie kilichomshinda mwenye hataza: ni mkusanyo wa wazi, ulioandikwa na kutunzwa, ambao mtu yeyote angeweza kuukagua. Mbegu iliyofichwa isijulikane na mtu ingekuwa rahisi zaidi kunyakuliwa.

Na lile ghala la mbegu la Svalbard, Norway, lililochimbwa ndani ya mlima na kufunguliwa 2008, ambalo huzushiwa kila aina ya hadithi? Masanduku yaliyomo ni mali ya walioyapeleka, na wao tu ndio wanaoweza kuyatoa. Mara ya kwanza kutolewa kitu ilikuwa 2015. Shirika la utafiti wa kilimo la ICARDA, lililokuwa na benki yake ya mbegu karibu na Aleppo, Syria, lilishindwa kuendelea na kazi huko kwa sababu ya vita. Liliziomba nakala zake za mbegu, zikiwemo za adesi, dengu na mikunde mingine, likazipanda upya Lebanon na Morocco, na miaka miwili baadaye likaanza kurudisha nakala mpya Svalbard.

Mbolea ya bure ina masharti

Sifa kubwa ya mikunde ni naitrojeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Wakati wa miaka ya 1880, Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walionyesha kwamba mikunde hufaulu kuipata kwa msaada wa vijidudu vya udongoni, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akavitenga vijidudu hivyo. Ni bakteria wanaoingia kwenye mizizi, mmea ukawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao wakaulipa naitrojeni.

Kuhakikisha kama biashara hiyo inaendelea hakuhitaji maabara. Mmea ukianza kutoa maua, uchimbe taratibu pamoja na udongo wake (ukiung'oa kwa nguvu vinundu hubaki ardhini), suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani ikiwa ya waridi au nyekundu kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na protini inayofanana na ile ya damu, inayodhibiti oksijeni. Ikiwa nyeupe au ya kijani, mmea unalisha wageni wasiolipa, au kazi bado haijaanza au imekwisha.

Hivyo basi, ule usemi kwamba ukipanda mikunde huhitaji mbolea ni kweli nusu. Bakteria hawatengenezi fosforasi, na bila fosforasi vinundu huwa vidogo na vichache. Udongo wenye asidi nyingi huwadhoofisha. Udongo wenye naitrojeni ya kutosha hufanya mmea usijisumbue kujenga vinundu. Mikunde yenyewe haifanani: soya na kunde hujitahidi, maharage ya kawaida ni mvivu. Na ukivuna punje, ukang'oa na mabua yote ukayapeleka mbali, naitrojeni nyingi iliyopatikana umeondoka nayo. Nafaka utakayopanda msimu unaofuata itakuta kidogo sana.

Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ya Ibadan, Nigeria, na taasisi za nchi kadhaa za Afrika, ulijengwa juu ya hoja hiyohiyo: matokeo hutegemea mbegu, aina ya bakteria, mazingira na matunzo kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja tu, huenda usione tofauti. IITA ilikuwa imeshaligusa tatizo hilo kwa njia nyingine, kwa kuzalisha soya inayokubali kushirikiana na bakteria waliomo tayari kwenye udongo wa Afrika, ili mkulima asilazimike kununua wale wa kupaka kwenye mbegu.

Mbegu bora, chotara na GMO si kitu kimoja

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa, nao unatatulika kwa kulitazama ua la haragwe. Ndani ya ua hilo, sehemu ya kiume na ya kike zimefungwa pamoja, na uchavushaji huwa umekwisha mara nyingi hata kabla ua halijafunguka. Mtafiti anayetaka kuvusha aina mbili huamka mapema, huchagua tumba ambalo halijachanua, hulipasua kwa kibano chenye ncha kali, hutoa vifuko vya chavua kimoja kimoja, halafu hupaka chavua ya aina nyingine. Akigusa vibaya, tumba huanguka. Akifaulu, hupata ganda lenye punje chache.

Punje hizo hupandwa kizazi baada ya kizazi, zikichujwa, hadi zinapotulia. Tangu kuvusha hadi aina kusajiliwa mara nyingi hupita miaka 10 hivi. Kinachomfikia mkulima huwa ni aina iliyotulia, inayozaa inayofanana nayo. Kwa hiyo maharage au kunde za mbegu bora unaweza kuzirudia misimu kadhaa. Zinapodhoofika, chanzo huwa ni magonjwa yanayobebwa na punje na kuchanganyika na aina nyingine, jambo ambalo mbegu ya asili nayo hulipata. Chotara halisi, yaani uzao wa kwanza wa aina mbili, ambao ukirudiwa hautoi unaofanana nao, ni adimu katika mikunde; mmojawapo ni wa mbaazi, aliyetolewa na ICRISAT India mwaka 2010, na hilo liliwezekana kwa sababu maua ya mbaazi hutembelewa na nyuki.

GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba maabara, ni jambo jingine. Kunde ina adui aitwaye Maruca, kiwavi anayetoboa maua na maganda, na hakuna kunde wala jamaa wa kuvushika nayo aliyeonekana kuwa na kinga ya kutosha. Ushirikiano wa AATF, shirika la teknolojia ya kilimo lenye makao Nairobi, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello cha Zaria, Nigeria, na CSIRO, shirika la taifa la utafiti la Australia, uliingiza kwenye kunde kinasaba kutoka kwa bakteria wa udongoni, na Nigeria ikaidhinisha aina hiyo mwaka 2019. Unaweza kuipinga au kuiunga mkono, lakini ipinge kwa jina lake. Aina nyingi bora za mikunde zinazogawiwa na miradi ya ushirikiano hazimo kabisa kwenye kundi hilo.

Tazama suala la joto. Usiku ukizidi nyuzi joto 20 hivi, chavua ya maharage ya kawaida huanza kuharibika na maua hupukutika. Tepari, binamu yake wa majangwa ya kaskazini mwa Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, hajali. Tatizo ni kwamba ukiwavusha, kijusi hufa ndani ya ganda. Watafiti hulifungua ganda changa, wakakitoa kijusi kidogo kuliko punje ya mchele na kukilea kwenye chupa hadi kiwe mche. Ni kazi ya maabara, ndiyo, lakini anayezaliwa ni mtoto wa haragwe na haragwe. Mwaka 2015 CIAT ilitangaza aina 30 za majaribio zinazovumilia joto, baadhi zikiwa na damu ya tepari.

Anayejua zaidi ni nani?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Rwanda na wa CIAT waliwaita wanawake wakulima, wajuzi wa maharage, waingie kwenye vitalu vya majaribio kabla aina hazijachujwa. Wanawake hao walitazama mambo ambayo fomu za watafiti hazikuwa nayo: je, mmea huu utavumilia kivuli cha migomba, majani yake yanaliwa, utasimama kwenye mvua nyingi? Aina walizozichagua zilifanya vizuri mashambani mwao kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Walikuwa na uzoefu wa kupanda mchanganyiko wa aina nyingi kwa pamoja, yaani makufuli tofauti kwenye shamba moja. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mashirika ya utafiti yaliungana kuzalisha upya mbegu za Rwanda yakihofia kwamba aina zimepotea. Walipofanya uchunguzi, walikuta aina nyingi bado zipo kwa wakulima na masokoni. Kilichokosekana zaidi kilikuwa uwezo wa kuzipata.

Uwezo huo wa kupata mbegu ndio kiungo kinachokatika mara nyingi hadi leo. Hekta moja ya maharage hudai mbegu kilo 60 au zaidi, wakati ya mahindi hutosheka na kilo 25 hivi, na anayenunua maharage leo huenda asirudi dukani kwa misimu mitatu. Kampuni ya mbegu ikipiga hesabu, inachagua mahindi chotara. Mtandao wa PABRA, ulioanzishwa 1996 na unaounganisha taasisi za utafiti wa maharage katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, umelizunguka tatizo hilo kwa kuwapa kazi ya kuzalisha mbegu vikundi vya wakulima na kampuni ndogo, na kwa kuuza mbegu kwenye vifurushi vidogo ambavyo mtu ananunua kujaribia. FAO nayo ina utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo mzalishaji mwenyewe hubeba dhamana ya ubora na mkaguzi hupitia sehemu tu ya mashamba, hivyo gharama hupungua.

Njia zote hizo hutegemea jambo moja lisilotajwa kwenye hafla za kutia saini: lazima awepo mtu anayezalisha mbegu mama kila msimu, kilo chache tu, safi, zisizo na ugonjwa. Kazi hiyo haileti makala ya kisayansi wala haimpandishi mtafiti cheo. Miradi mingi hudumu miaka mitatu hadi mitano, ilhali aina moja huchukua 10 kukamilika, na bajeti ya mbegu mama ni miongoni mwa zinazokatwa mapema fedha zinapopungua.